Shemeki Honoré na Masini Iliyomfukuza Kazi

Mwanaume akizeeka hapa Bunia anaruhusiwa kufuga kuku, kulima kipande cha mihogo nyuma ya nyumba, au kukaa kiti cha mbele kanisani akiwanunia vijana. Shemeki yangu Honoré, mume wa dada yangu Joséphine, aliona yote hayo ni madogo. Yeye aliamua kufuga masini. Si masini za maana, za kusaga mihogo au kuvuta maji, la hasha. Ni masini za muziki zilizokufa kabla wanangu hawajazaliwa: visanduku vinavyopiga ngoma vyenyewe bila mpigaji, na vingine vyenye ukanda unaozunguka ndani, ambavyo ukivipa neno moja vinakurudishia manne. Kana kwamba nyumbani kwa dada yangu kulikuwa na njaa ya maneno.

Mimi ni Scholastique. Nauza vitenge soko kuu, na ninayasema haya kwa haki yangu ya ushemeki, maana kwetu mtu na shemeki yake wana ruhusa ya kuchekana mpaka kaburini. Honoré ananiita Mama Rangi-Inatoka, kwa ajili ya mzigo mmoja tu wa vitenge ambao hata mimi nilidanganywa. Mimi namwita Daktari wa Maiti. Hivyo ndivyo tunavyoheshimiana.

Huyu bwana hakuanza maisha na masini. Alianza na ngoma. Ujanani alikuwa katika Shari Jazz, orkesta iliyochukua jina la mto wetu, pengine kwa sababu nayo ilijaa msimu mmoja na kukauka msimu mwingine. Kiongozi alikuwa Liévin, mpiga gitaa na mwimbaji, mrefu, mwenye kola ya shati pana kama masikio ya tembo, mtu aliyejua kwamba anapendwa na hakuona sababu ya kulificha. Honoré alikaa nyuma yake na batterie, ngoma zake na visahani vyake, akitoka jasho kwa niaba ya wote. "Batu walikuwa wanatazama Liévin," hupenda kusema, "lakini miguu yao ilikuwa inasikiliza mimi." Husema hivyo kila Noeli, na kila Noeli sisi hushangaa upya, kwa sababu tumelelewa vizuri.

Kisha Jumamosi moja ya miaka ya themanini, Liévin alirudi kutoka Kampala na kisanduku kwapani. Kilikuwa na ukubwa wa Biblia ya altareni, pembeni kimepambwa kwa mbao za uongo, na mbele kina vibonye vyenye majina: valse, bossa-nova, rumba. Jina lake kwa Kifaransa ni boîte à rythme. Akakiweka juu ya kiti. Kiti chenyewe kilikuwa cha Honoré.

"Ndugu yangu," akamwambia, "hii kitu haikule, haikunywe, haichelewe, na haigombane na batu. Unagusa hapa, inapiga mpaka asubui."

"Na mimi?"

"Weye utapumuzika."

Basi akapumzika. Alipumzika ng'ambo ya barabara, amesimama kando ya mama mmoja muuza mandazi, akisikiliza orkesta yake ikipigiwa na sanduku. Anasema alikuwa anangoja watu waache kucheza. Alikuwa na hakika kwamba mwanamke mmoja, hata mmoja tu mwenye masikio, angesimama katikati ya ukumbi na kuuliza, "Honoré iko wapi?" Hakuna aliyesimama. Walicheza mpaka visigino vikang'oka. Nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko Liévin mwenyewe.

Akajifunza kushona. Cherehani ina pedali, na mguu wake wa kulia ulikuwa umezoea kukanyaga, kwa hiyo mafunzo hayakuwa marefu. Alishona sare za shule za watoto wa mtaa wetu mpaka watoto hao nao wakamletea watoto wao. Lakini cherehani yake haikuwahi kwenda moja kwa moja kama za watu wengine. Ilikwenda, ikasita, ikaruka kidogo, ikakwenda tena. Ukizitazama vizuri kaptura alizoshona, utaona mahali pa kutikisa kiuno.

Shari Jazz wenyewe hawakudumu. Vita vilipoingia, wapigaji walitawanyika kila mtu na upande wake. Liévin akavuka mpaka kwenda Kampala pamoja na mkewe Elodie, na kile kisanduku kikapotelea huko vitu vinakopotelea watu wanapokimbia. Siku moja mchungaji alimuuliza Honoré kama amemsamehe Liévin. Akajibu kwamba amemsamehe kabisa, tangu zamani. Kilichobaki ni kumkuta tu, amweleze usoni alichomsamehe, polepole, kwa mpangilio, kuanzia mwanzo.

Miaka michache iliyopita alikikuta sokoni. Kilikuwa kimelala kwa mwanamke auzaye vitu vya zamani, katikati ya pasi zisizo na nyaya na vifuniko vya sufuria vilivyofiwa na sufuria zao. Siwezi kuapa kwamba kilikuwa kile kile cha Liévin, lakini kama si chenyewe basi ni ndugu yake wa tumbo moja: mbao za uongo, vibonye, na neno rumba limefutika nusu kwa vidole vya watu. Honoré alikinunua bila kubishana, jambo ambalo sisi wauzaji hutuhuzunisha.

Jumapili baada ya ibada alituita uani. Tulikuwapo mimi, dada yangu, binti yao Divine, na jirani Osée, mwalimu mstaafu, ambaye huwa haalikwi ila hakosi. Honoré alikuwa amevaa koti lake la ubatizo wa wajukuu. Kisanduku kilikuwa juu ya kigoda. Mkononi alikuwa na nyundo.

"Leo," akasema, "hii kitu italipa."

Osée akapiga makofi, maana yeye hupiga makofi popote mtu anaposimama na kusema.

"Lakini kwanza iimbe," Honoré akaendelea. "Iimbe mara ya mwisho, ijue juu ya nini inakufa."

Akaunganisha waya kwenye betri ya sola. Kimya. Akabonyeza rumba. Kimya. Akabonyeza vibonye vyote kwa pamoja. Mende mmoja akatoka kwenye tundu la ubavuni, akasimama ukingoni, akatutazama, akarudi ndani.

"Si uiponde tu," Joséphine akasema. Alikuwa na sombe, mboga yake ya majani ya mihogo, motoni.

"Nitaponda namna gani maiti? Joséphine, mutu hapigi maiti. Ni haya."

Nimesikia hukumu nyingi katika maisha yangu, lakini hukumu ya kumtibu mshtakiwa kwanza, apone, anenepe, ndipo anyongwe vizuri, hiyo niliisikia uani kwa dada yangu tu. Kwa sababu hivyo ndivyo alivyoamua. Akakifungua kisanduku kwa bisibisi ya cherehani, akawafukuza mende, na akabaki amekaa mbele ya nyaya na vidude vya rangi rangi kama mtu aliyefungua sufuria ya jirani.

Hakujua lolote. Alikwenda kwa Bruno, fundi wa redio aliye karibu na boulevard, akamwomba amfundishe kulehemu. Bruno alimfundisha kwa uvumilivu wa mtu ambaye hana wateja. Honoré aliunguza vidole, akaunguza meza, akaunguza kitambaa cha sare ya mtoto wa watu na kukishonea mfuko juu ya tundu. Alizifumua redio zilizokufa na kutoa viungo vyao kimoja kimoja. Kwanza ukarudi mlio wa kisahani, tss, tss, kama mtoto anayekataa chakula. Baadaye ikarudi ngoma ndogo. Siku alipobonyeza rumba ikaitika, tuliitwa tena uani. Ikatoka rumba ya wenye kuunda masini: safi, imenyooka, haina kiuno kabisa. Honoré aliisikiliza ameinamisha kichwa upande. Mimi nilikuwa nangoja nyundo.

"Ngoma kubwa bado inagonjwa," akasema. "Tungoje."

Na ngoma kubwa ilipopona, aliupangusa ule uso wa kisanduku kwa mkono wa shati, akaufunika kwa kitambaa cha kufuma, akakipandisha rafuni, mahali palipokuwa pa picha ya harusi yao. Hakuna aliyeuliza habari za kunyongwa. Watu wazima huachiana siri za aina hiyo.

Baada ya hapo ikawa kama ugonjwa wa familia. Akasikia kwamba mjane mmoja huko Mambasa, aliyeachwa na mume mfanyabiashara wa mbao, ana kisanduku kama kile na anakitumia kuwekea chumvi. Akakifuata. Akasikia cha pili kiko katika stoo ya shule, cha tatu kwa mtu aliyeapa kwamba ni kipima hewa. Vyote vikaja. Joséphine alikuwa akipanga vikombe vyake sakafuni, kwa sababu kabati lilikuwa limepata wapangaji wapya.

Kisha akagundua masini za mwangwi, zile wanamuziki wa zamani walizoziita chambre d'écho. Ya kwanza aliipata Mahagi-Port, ikiwa imeegemezwa chini ya meza ya muuza samaki ili meza isiyumbe. Alirudi nayo ikinuka ziwa zima. Alinieleza kazi yake kwa furaha ya bwana harusi: ndani mna ukanda unaozunguka, kichwa kimoja kinaandika ulichosema, vichwa vingine vinakisoma baada ya kufumba jicho na kukirudia, na kingine kinakifuta ili ukanda uweze kuandikwa tena.

"Kwa hiyo inasikia, inarudia maneno, kisha inasahau yote," nikasema.

"Ndiyo!"

"Shemeki, huyo ni mume. Hukuwa na haja ya kwenda mpaka Mahagi-Port."

Ukanda aliupata katika rundo la kanda kubwa za zamani zilizotupwa, akaukata na kuuunga kwa gundi. Tatizo likawa mpira wa kuzungusha gurudumu, ambao ulikuwa umeoza. Yeye ni fundi wa nguo, akatumia alichokuwa nacho, lastique ya viuno vya sketi. Siku ya kuijaribu alishika maikrofoni na, kati ya maneno yote ya dunia, akaita jina langu. "Scholastique!" Masini ikajibu kwa sauti ya mlevi: lastique, lastique, lastique. Tulicheka mpaka Osée akaja kuuliza nani amekufa. Waliolia ni wazazi wa shule moja hapa mjini, maana zile lastique zilitoka mahali fulani, na mwaka ule wasichana wengi walikwenda darasani wameshika sketi kwa mkono mmoja. Bruno ndiye aliyeokoa elimu ya Ituri kwa kumpatia mpira halisi kutoka kwenye redio-kaseti mbovu.

Mambo yalikuwa hivyo wakati Liévin aliporudi.

Alirudi na Elodie kuishi kwa binti yao, kwa sababu Kampala, alisema, si mahali pa kuzeekea. Siku ya tatu alikuja kumsalimia Honoré. Mimi nilikuwapo, Mungu hajawahi kuninyima jambo la namna hiyo. Nilimkuta mtu mwembamba mwenye kola ya kawaida, mkono wake wa kushoto ukitetemeka kidogo juu ya goti. Elodie alikaa kando yake, mama mtulivu mwenye macho yasiyopitwa na kitu.

"Batteur yangu! Mupiga ngoma yangu!" Liévin alimkumbatia Honoré pale pale kwenye cherehani. Akakaa, akanywa chai, akaeleza haja yake. Yeye na Elodie watafanya yubile ya ndoa, miaka hamsini, katika ukumbi wa parokia. Anataka Shari Jazz isimame tena, hata kwa wimbo mmoja, ule aliomtungia Elodie wakati anamchumbia. Wenzao wengine wameshakufa au wako mbali. Amebaki yeye na Honoré.

"Nataka batterie," akasema, "batterie ya mutu! Vijana ya leo iko na muziki yote ndani ya telefone, haina roho. Masini haiwezi kupiga kama mutu, Honoré. Weye unajua."

Sindano ya cherehani ilisimama katikati ya kola ya mtoto wa watu. Mimi niliweka kikombe chini ili mikono yangu iwe huru.

"Ni weye unasema hii?" Honoré akauliza.

"Ni mimi."

"Masini haiwezi?"

"Hata kidogo. Ndiyo maana wakati uliacha orkesta, nililia sana."

"Niliacha?"

"Uliacha. Ulisema roho yako inataka kushona. Sisi tukasema, tutamulazimisha?"

Honoré alifungua kinywa. Ndani yake, najua, kulikuwa na hotuba ya karibu miaka arobaini, yenye utangulizi na vifungu. Aliifanyia mazoezi akipiga pasi, akioga, akinyoa ndevu. Alimtazama Liévin usoni kwa muda mrefu kutafuta uongo, na mimi pia nilimtazama, na wallahi mimi najua uongo, niko sokoni tangu ujana. Haukuwapo. Yule mzee alikuwa hakumbuki. Tukio lililomtoa shemeki yangu kwenye kiti chake na kumtupa ng'ambo ya barabara, kwa aliyelitenda lilikuwa limefutika kama vumbi la chaki.

"Goti langu limekufa," Honoré akasema mwishowe. "Batterie sitaweza. Lakini niko na masini. Nitaleta."

Liévin akahuzunika kidogo, akatikisa kichwa. "Basi. Kwa kukosa mutu."

Walipokwenda, Honoré hakurudi kwenye cherehani. Alikaa akitazama miguu yake.

"Ungemwambia," Joséphine akasema.

"Kumwambia nini? Nimegombana na huyu mutu miaka yote, Joséphine. Kumbe nilikuwa peke yangu."

Siku hiyo sikuwa na mzaha wowote. Nalisema kwa sababu halitokei mara nyingi.

Mazoezi yalifanyika kwenye baraza la dada yangu. Honoré aliteremsha kile kisanduku cha kwanza kutoka rafuni na masini ya mwangwi ya Mahagi-Port, ambayo siku za joto bado hunuka samaki. Akabonyeza rumba, mwendo ule ule wa zamani. Liévin akaanza. Alikwenda vizuri mpaka mkono wa kushoto ulipochoka. Vidole vikaanza kufika kwenye nyuzi baada ya wakati wao, na ngoma, ambayo haikuwa na muda wa kumngoja mtu, ikaenda zake. Akaachwa kama abiria aliyeshuka kununua ndizi. Akalaumu nyuzi. Akarudia, akaachwa tena, akalaumu kiti. Sauti nayo ilikuwa imekwisha, imebaki nyembamba kama uzi namba sitini.

Honoré akazima kisanduku. "Inatosha," akasema. "Tutaona siku yenyewe."

Mimi, mwanamke niliyebatizwa, niliyeimba kwaya, nilirudi nyumbani nikiwa na furaha isiyoelezeka. Niliona jinsi itakavyokuwa. Ukumbi umejaa, kisanduku kinakimbia, na Liévin anakifukuza na gitaa lake huku jasho linamtoka. Haki, na tena yenye muziki. Nikamuuzia Elodie vitenge vya sare ya akina mama kwa bei ya udugu, vizuri kabisa, rangi ya kudumu, kwa sababu sikutaka kitu chochote kiharibu siku hiyo.

Siku ya yubile nilikaa mbele, kando ya meza ya Honoré. Alikuwa ameitandika kitambaa, masini mbili juu yake, kidole gumba cha kulia kwenye kifundo cha kuzungusha kinachoongeza au kupunguza mwendo wa ngoma. Wali ulikuwa umeliwa, padri ameshasema, wajukuu wameshaimba wimbo ambao hakuna aliyewaomba. Liévin akapanda jukwaani na gitaa. Honoré akabonyeza rumba.

Ubeti wa kwanza ulikwenda. Halafu nikauona ule mkono wa kushoto ukianza kuchoka.

"Kaza," nikamnong'oneza Honoré. "Sasa. Kaza!"

Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Liévin mabegani, vile mpiga ngoma anavyomtazama mwimbaji kwa nyuma, na kidole gumba chake kikarudi nyuma kidogo, kidogo mno. Ngoma ikapunguza. Liévin akavuta pumzi, ngoma ikavuta pumzi. Alipositasita kubadilisha vidole, ngoma ikasitasita naye. Alipopata nguvu, ikapata nguvu. Ile rumba ya wenye kuunda masini, iliyozaliwa bila kiuno, ilikuwa inakwenda, inasita, inaruka kidogo, inakwenda tena. Chini ya meza mguu wa kulia wa Honoré, ule wenye goti lililokufa, ulikuwa unakanyaga sakafu kama wa kijana.

Katika ubeti wa pili Liévin alisahau maneno. Nilimwona. Alifika kwenye neno "ningojee", akafungua kinywa kwa linalofuata, na hakukuwa na kitu. Kabla ukumbi haujajua, mkono wa kushoto wa Honoré ulikuwa kwenye masini ya mwangwi, akaipandisha. Ningojee, ikarudi. Ningojee. Ningojee. Ilirudi nene, imejaa, kama sauti ya Liévin ya zamani iliyokuwa imehifadhiwa mahali, na akina mama wakapiga vigelegele wakidhani ni ufundi. Mwangwi ulipozimika, mzee alikuwa ameshaupata mstari wake. Elodie aliinuka, akaingia katikati, akacheza peke yake amefumba macho.

Nilikasirika sana. Nilikuwa nimekuja kuona kisasi, nimesuka nywele kwa ajili yake, na nikapewa harusi.

Mwishoni Liévin alishukuru kwenye maikrofoni. Alimshukuru Mungu, padri, wapishi, waliotoa viti. "Na technicien wetu," akaongeza, "kwa kutubonyezea." Watu wakapiga makofi mawili matatu. "Mumeona?" akawaambia, amejaa furaha. "Masini haikosee!" Honoré aliinamisha kichwa kwa heshima kama askofu aliyepewa kuku.

Njiani kurudi nilimgombeza. "Ulikuwa naye mkononi, Shemeki! Ungezungusha kidogo tu!"

"Batteur mwenye kuacha mwimbaji aanguke, haiko batteur," akasema. "Ni sanduku."

"Na hata hakukushukuru."

"Orkesta haikuwahi kunishukuru. Nimekumbuka tu namna ilikuwa." Na akacheka, akajishika goti, ambalo lilikuwa limevimba kama embe na likamlaza kitandani siku kadhaa. Joséphine alimkanda kwa maji ya moto, akimtazama vile nilivyomwona akimtazama zamani, kabla ya cherehani.

Jumamosi iliyofuata Liévin alikuja peke yake, na gitaa. Alikaa barazani, akanywa chai, akasifu wali wa yubile, akasifu hali ya hewa. Honoré alikuwa anashona vifungo.

"Ile mahali ya ubeti ya pili," Liévin akasema bila kumtazama. "Masini ilipunguza mwendo."

"Masini haipunguze mwendo. Haijue."

Liévin akalilaza gitaa magotini. Akagusa uzi mmoja kwa kidole.

"Najua," akasema.

Ni hayo tu. Nilikuwa karibu yao nikichambua mchele, na nikangoja sana, lakini hakuna aliyeongeza neno. Honoré aliukata uzi kwa meno, akainuka, akaingia ndani, akarudi na kisanduku.

Tangu hapo kila Jumamosi dada yangu analisha wazee wawili. Wanagombana. Liévin anataka bossa-nova, Honoré anasema bossa-nova ni muziki wa watu wasio na kazi ya kufanya. Liévin anataka mwangwi mwingi mpaka wimbo unakuwa kama unaimbwa ndani ya kisima. Osée anakuja kusuluhisha na anafukuzwa na wote wawili. Honoré anamsahihisha Liévin, na Liévin, ambaye Kampala nzima haikuweza kumsahihisha, anasema ndiyo, narudia.

Wiki iliyopita dereva wa lori alileta habari kwamba kuna mzigo wa Honoré kwenye parkingi, umetoka Aru, umefungwa kwa majani ya migomba. Walikwenda kuuchukua wote wawili kwa moto moja, pikipiki ya kukodi. Niliwaona wakirudi mchana kweupe kupitia mbele ya soko: dereva, Liévin katikati ameshika kofia, na Honoré nyuma amekumbatia kisanduku kikubwa kuliko vyote vya awali, kinamwaga vumbi barabarani. Nilifunga meza yangu mapema, nikawafuata. Ningekosaje?

Joséphine alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hiyo itawekwa wapi?"

"Chumba ya wageni," Honoré akasema.

"Na wageni watalala wapi?"

Wazee wakatazamana. Inaelekea njia nzima walikuwa hawajalifikiria hilo. Liévin akavua kofia, akapangusa jasho, akasema kwa adabu zote kwamba mgeni wa kweli halali. Dada yangu alinigeukia mimi. Nami, kwa upendo wa damu, nikampa ushauri pekee niliokuwa nao: aanze kuhesabu sufuria zake, kwa sababu kisanduku kilikuwa kimeshafunguliwa juu ya meza ya kulia, na Honoré alikuwa anaomba kitu cha kuwekea misumari.